Kijani Kwenye Jina Lako

Lubunga, saa nane mchana

Mama Rejina,

Tableti bado inakuita. Kila mwezi, siku mbili kabla ya tarehe yako, jina lako linapanda kwenye orodha ya wanaotarajiwa kuja, na kando yake lile duara la kijani: huyu hana shida, aendelee na dawa ile ile. Mwezi wa kwanza baada ya kukuzika niliona hivyo nikatoka nje, nikajifanya natafuta ndoo. Mwezi wa pili nilifunika kioo kwa kiganja. Leo dokta amesema, bila ukali lakini amesema: "Kavira, ile faili ya Mama Rejina ifungwe leo. Mutu akikufa, mashine ijue." Kufunga ni kubonyeza mara mbili tu. Nimekaa hapa na kidole changu, sibonyezi. Nikasema ngoja nimwandikie kwanza.

Niko kwenye chumba chetu cha kituo cha afya, meza ile ile yenye mguu mmoja mfupi. Kiti chako kipo. Hakuna anayekikalia, na si mimi niliyekataza. Watu wanasimama, wanaegemea ukuta. Mama mmoja mjamzito alikaa chini sakafuni huku kiti kiko hapo kitupu. Nikamwambia, kaa basi mama. Akakataa: "Te, ile iko ya Mama Rejina." Mchana nakula peke yangu. Kwa mazoea niliendelea kununua lituma, zile ndizi za kuponda, ya watu wawili, mpaka yule mama anayeuza chakula karibu na reli akaniambia: "Mama munganga, ule mwenzako haiko tena." Alisema kwa upole kabisa, nami nilimchukia siku tatu.

Na mto. Wewe unajua mimi na mto. Mtu wa Butembo, Munande, nimezaliwa milimani, maji mengi niliyoyajua ni ya beseni. Siku ya kwanza nilipotumwa kufanya kazi ng'ambo hii ulinikuta kivukoni upande wa mjini, nimekumbatia sanduku la dawa, mitumbwi mitatu imeshaondoka na mimi nasema nitapanda ule unaofuata. Ulinicheka kwanza. "Munande na mayi! Yesu!" Kisha ukanishika mkono. "Hapana angalia mayi. Angalia ng'ambo. Mayi haina kitu ya kukuonyesha." Miaka sita umenivusha hivyo, mimi muuguzi mwenye diploma ukutani, wewe uliyeishia darasa la nne. Sasa navuka peke yangu. Nakaa katikati, nashika begi, naangalia ng'ambo. Nafika nimelowa jasho, na hakuna wa kunicheka.

Papa yangu mzazi anauza jumla sokoni na ana duka lililojaa watu, lakini hajawahi kuuliza jina lako. Aliposikia nimefiwa aliuliza kama ni mtu wa kabila letu. Nikasema hapana. Akasema pole, akaendelea kupima mchele. Sikumlaumu. Ila nilirudi nyumbani nikaona kwamba katika mji huu wote, mtu aliyekuwa ananiuliza "Umekula?" alikuwa mmoja tu.

Nakumbuka ulivyokuwa unajitambulisha kwa wagonjwa wapya, wale wanaoingia wameinamisha kichwa, wameshika karatasi ya majibu kana kwamba inaunguza. "Mi iko Rejina. Bwana yangu alikuwa muvuvi pale kwa maporomoko, alikufa. Mi niko na virusi miaka kumi na tano. Angalia mashavu yangu. Hii iko mashavu ya mutu ya kufa?" Na unayajaza hewa, unayapiga kwa vidole. Hata aliyekuja kulia anacheka. Huo ndio ulikuwa uganga wako. Hukuwa muuguzi, ulikuwa mshauri, mgonjwa anayewashika mkono wagonjwa wenzake. Ulikuwa pia unawagawia dawa watu wa mtaa wako palepale uani kwako, ili wasipange foleni huku kituoni macho ya jirani yakiwala. Mwisho wa mwezi unaniletea rejista yako yenye jalada la bluu.

Na kuhusu rejista ulikuwa na sheria. Mgonjwa akiingia, hukuifungua. Uliikalia. Kweli kabisa, unaiweka kwenye kiti, unaketi juu yake, na hutoki hapo mpaka umemtazama mtu, umemuuliza amelala vipi, mke anapika nini, samaki wanapanda au hawapandi. "Kwanza uso, kisha kitabu." Mimi nilikuwa naona unapoteza muda. Nilikuwa na foleni.

Kisha wakaja watu wa programu ya UKIMWI na tableti. Walitufundisha siku mbili chini ya feni isiyozunguka. Kupima wingi wa virusi damuni si jambo la kila siku, mashine iko mjini, vipimo ni vichache, haiwezekani kumpima kila mtu. Basi tableti itasoma historia ya kila mgonjwa: amekuja lini, amechelewa mara ngapi, alianza na dawa gani, uzito, vipimo vya zamani. Halafu itatabiri ni nani ambaye dawa zake ziko karibu kushindwa. Nyekundu, apimwe sasa, afikiriwe kubadilishiwa dawa. Njano, tuzungumze naye. Kijani, aendelee, kipimo chake kinaweza kusubiri. Na chini kabisa kuna kisanduku: Je, muuguzi ana maoni mengine? Eleza sababu. Ukiandika humo, neno lako linashinda la mashine. Walilirudia mara tatu, nikaliandika kwenye daftari, nikalipigia mstari.

Wewe ulikaa nyuma unamenya karanga. Ukauliza, "Ile nabii ya umeme, inaona mashavu?" Ukumbi mzima ukacheka. Mwalimu akajibu kwa heshima kwamba hapana, mama, inasoma tu kile mnachoiandikia. Ukaitikia, "Bon." Hukuuliza kitu tena siku zote mbili, wewe, mtu ambaye kanisani unamkatiza mchungaji. Sasa najua kwa nini.

Rejista zako ni mimi niliyeziingiza kwenye tableti, mstari kwa mstari, miaka minne. Zilikuwa safi kuliko za mtu yeyote. Kila mtu amekuja siku yake. Wavuvi! Watu ambao samaki wakipanda hawaji hata kwenye ubatizo wa mtoto wao, eti kwa dawa wanakuja tarehe ile ile mwezi hadi mwezi. Na mimi nikaingiza. Nilijivunia hata. Nilimwambia dokta, "Ona kazi ya Mama Rejina."

Siidharau tableti, Mama, usinielewe vibaya. Unamkumbuka yule baba wa reli, mwenye kifua kipana, aliyekuwa anawacheka wenzake wanaokohoa? Sote tulimwona mzima. Tableti ikampa nyekundu. Tukampima, virusi tele. Dawa zilikuwa zimechoka mwilini mwake. Akapewa nyingine, zile za mstari wa pili, na leo amenenepa hadi anakera. Siku ile ulinipiga bega ukasema, "Nabii yako ilisema kweli." Nikavimba kichwa, utadhani ni mimi niliyeitengeneza. Tangu siku ile nilianza kusoma kioo kwanza, kisha mtu. Siku nyingine nilisoma kioo tu.

Ndipo kikaja kichwa chako.

Ulisema kwa kupita, unafunga kitenge: "Kichwa inaniuma, mutoto. Iko jua." Wiki ya pili ukasema tena iko jua, na mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Mashavu yako, yale ya kujivunia, yalikuwa yameingia ndani. Niliyaona. Sitaandika hapa kwamba sikuyaona. Nikafungua tableti, nikatafuta jina lako: kijani. Jamani, nilivyofurahi! Nikakugeuzia kioo. "Ona Mama, hata nabii inasema uko mzima." Ukaliangalia lile duara muda mrefu. Ukasema, "Bon, kama inasema." Nikakupa paracetamol. Kisanduku cha chini nikakiacha kitupu.

Na kuna jambo lingine. Niliwahi kukukuta uani kwako unatoa vidonge kwenye kopo lako mwenyewe, unavitia kwenye bahasha. Ulisema, "Ya mutu moja tu, atanirudishia." Nikasema, "Mama, usifanye hivyo," kwa ile sauti ya mtu anayetimiza wajibu, kisha nikaketi nikala mbisi uliyoniwekea, samaki wa mto. Ilikuwa tamu, yenye pilipili. Sikuuliza tena.

Siku tulipokuvusha kwenda hospitali ng'ambo, ni mimi niliyekushika mkono. Ulikuwa huoni vizuri tena. Uliuliza, "Ng'ambo iko wapi?" Nikasema iko mbele, Mama, tumekaribia. Tulikuwa katikati ya mto. Kule walitoa maji ya mgongoni, wakasema ni fangasi, imeingia hadi kichwani, askari wa mwili wamekwisha siku nyingi. Muuguzi wa zamu akaniuliza kama huyu mgonjwa alikuwa anakunywa dawa kweli. Nikamkaripia mbele ya watu: "Huyu ndiye anayewafundisha wengine kunywa!" Ulikufa siku ya nne, asubuhi, nikiwa nimetoka kutafuta maji ya kukuosha uso. Nilirudi na beseni limejaa. Sikujua niliweke wapi.

Matanga yako yalijaa. Watu wa ng'ambo zote mbili, kwaya tatu, wavuvi wamekuja na samaki wao, wanawake wa kikundi chako wamevaa kitenge kimoja. Kila aliyesimama alisema Mama Rejina alikuwa mfano: miaka kumi na tano hakukosa kidonge hata kimoja. Mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa.

Siku ya tatu akanijia Papa Mozesi, yule mvuvi mrefu anayekwenda kambi za uvuvi za mto Lomami, upande wa Opala, akakaa huko miezi. Alinivuta nyuma ya nyumba, akanitilia bahasha mkononi. Ndani kulikuwa na vidonge tisa. "Ile iko yake. Nilikuwa naleta kumurudishia. Nilichelewa." Akalia, mtu mzima yule, amejifunika uso kwa kofia yake. Nikamwambia akae anieleze, akaeleza yote.

Ni hivi, nami naandika ili ujue kwamba najua. Aliyechelewa sana kuchukua dawa tunamwandika "amepotea", na akirudi inabidi aanze upya, maswali mbele ya dirisha, watu wanasikia. Wengi wakionjeshwa hilo mara moja hawarudi tena. Wewe hukutaka mtu wako apotee. Kopo lake ulimtunzia. Akija baada ya wiki sita, ulimwandikia tarehe aliyotakiwa kuja, si tarehe aliyokuja. "Batu ya mayi haina tarehe," ulimwambia Papa Mozesi, "iko na musimu." Na aliyekuwa anaondoka kwenda kambini kwa muda mrefu kuliko kopo lake, ulimwongezea kutoka kopo lako. Wengine walirudisha. Wengi hawakurudisha, na vilivyorudi havikukaa, maana huyu akirudi, yule anaondoka. Na kila mwezi uliliandika jina lako mwenyewe: Rejina, kopo moja, amepata. Hilo lilikuwa kweli. Ulipata. Hukunywa.

Nilikukasirikia, Mama. Nakuambia bila kuficha. Nilikaa kitandani kwangu nikakutukana kwa Kinande, lugha ya kwetu, maneno ambayo mama yangu angenipiga kofi. Kwa nini hukuniambia? Mimi nilikuwa ng'ambo ya meza! Kisha nikakumbuka mbisi na pilipili, na bahasha ile. Uliniambia. Ulinionyesha kwa macho yangu, nami nikala.

Nikanyamaza wiki saba. Kikundi kilikuwa kimeamua kituo chako cha uani kiitwe kwa jina lako, na kibao kilikuwa kimeshapakwa rangi: Poste Mama Rejina, herufi za bluu, kimeegemezwa humu chumbani kikauke. Kila asubuhi naingia, nakikuta. Nani angesimama mbele ya kibao kile aseme rejista ilikuwa ya uongo? Nilijiambia marehemu hasemwi. Nilijiambia nalinda jina lako. Nilikuwa nalinda na langu.

Jumanne moja akaingia Papa Mozesi. Hakukaa, aliegemea ukuta kama wengine. "Mama munganga, kichwa inaniuma. Labda iko jua."

Nikafungua tableti. Kijani. Aendelee na dawa ile ile, kipimo baada ya miezi mitano. Na mkono wangu, Mama, haki ya Mungu, mkono wangu ulishaenda kwenye boksi la paracetamol. Ulikuwa umeshalifungua. Ndipo nikainua macho nikamwangalia. Mashavu hayakuwepo. Shati linaning'inia. Anakunja jicho moja kwa sababu ya mwanga wa mlango. Nikaiweka tableti chini sakafuni, sijui kwa nini sakafuni, nikavuta kiti chako nikasema, "Papa, kaa hapa." Akasema te, hawezi. Nikampigia kelele: "Kaa!" Akakaa.

Kisanduku cha chini nilikijaza: Tarehe za mgonjwa huyu si za kweli. Rejista iliandikwa kwa huruma. Mimi nilikuwa na sababu ya kushuku, nikanyamaza.

Dokta alivuka mchana ule ule. Alisoma, akasoma tena. Akasema, "Kavira, unaelewa? Kama ile rejista haiko sawa, haiko mutu moja. Iko wote." Nikasema naelewa. Akauliza nani aliandika. Nikataja jina lako, humu ndani, mbele ya kibao chako. Nikahisi nakuzika mara ya pili, na safari hii koleo nimeshika mimi. Akauliza nani aliingiza. Nikataja langu. Akavua miwani. Barua ya onyo ilikuja wiki iliyofuata, iko kwenye droo, ninastahili. Ila jioni ile ile alimbeba Papa Mozesi kwenye mtumbwi aliokuja nao kumpeleka hospitali.

Ilibidi niwaite watu wako. Tulikaa uani kwako, kila mtu na kiti alichotoka nacho nyumbani. Nikawaeleza: mashine inawaona wazima kwa sababu tuliidanganya, si kosa lake, na nahitaji kila mmoja aniambie kweli alikuja lini, alikaa bila dawa kwa muda gani, alikunywa ya nani. Nilisikia kuku akiparua. Kisha mwenyekiti wa kikundi, yule aliyekuwa anakusuka nywele, akasimama. "Alikulisha samaki. Leo unamuuza." Akaketi, akanigeuzia mgongo.

Alikuwa na haki, nilikula samaki.

Aliyeniokoa ni mke wa Papa Mozesi. Alisimama taratibu na mtoto mgongoni. "Bwana yangu iko kwa kitanda ng'ambo, bado anaongea, sababu huyu mama alisema. Mi natoa ya kwake. Alichelewa mara ine." Nikachukua kalamu. Mara ya kwanza lini? Hakujua tarehe. Alijua mto ulikuwa umepanda. Mara ya pili kabla ya Pasaka, ya tatu msimu wa mbinzo, wale viwavi wakiwa wengi sokoni, ya nne walipofiwa na mjomba. Baada yake mwingine, na mwingine. Hakuna aliyekuwa na tarehe, wote walikuwa na misimu. Mchana kutwa nikawa nageuza maji yaliyopanda kuwa mwezi, na viwavi kuwa wiki. Ningependa ungeniona. Ungenicheka sana.

Tableti iliposoma ukweli, rangi zikabadilika, si zote, lakini za kutosha kunikosesha usingizi. Tunawapima kwa zamu. Wawili wameshabadilishiwa dawa. Papa Mozesi alikuwa na fangasi ile ile yako, ila ilikuwa bado mlangoni, haijaingia kichwani. Ameanza kula. Wiki iliyopita alimgombeza mkewe kwa sababu ya chumvi, na mkewe akaja mbio kuniambia, anacheka machozi yanamtoka.

Mwenyekiti hanisalimii hadi leo. Tukikutana kivukoni anaangalia maji. Na kibao walikichukua humu Jumamosi, wakakipigilia misumari Jumapili baada ya ibada. Hawakunialika. Nilipata habari kwa mama wa lituma. Leo asubuhi nimezunguka njia ndefu ili nikipite. Kimekaa sawa, hakijapinda, jina lako linasomeka tangu barabarani. Nilisimama kidogo, nikaenda zangu kazini.

Sasa nakuambia lililobaki. Kabla ya kufunga faili lazima historia isahihishwe, ndiyo utaratibu. Kwa hiyo leo, kabla sijashika karatasi hii, nimeingiza na ya kwako. Miezi yote ambayo watu wako wameniambia, vidonge ulivyotoa, msimu kwa msimu. Nikabonyeza. Lile duara likazunguka, likazunguka, likasimama.

Nyekundu. Mgonjwa huyu apimwe ndani ya siku saba. Fikiria kubadilisha dawa.

Nimelia, Mama, mpaka mlinzi amegonga mlango. Ingekuambia. Ingeniambia na mimi, ningekazana upimwe. Ilihitaji kuambiwa ukweli tu, na sisi wawili, mmoja kwa huruma na mmoja kwa uvivu wa kuuliza, tukainyima.

Basi nakuahidi. Kiti chako nimekivuta, nimekiweka mbele ya meza, uso kwa uso na changu, na kila anayeingia atakikalia, atake asitake, nitapiga kelele ikibidi. Tableti nitaikalia. Najua itavunjika, usicheke; basi italala chini ya kitako cha begi langu mpaka nimemtazama mtu nikamaliza. Mvuvi akichelewa nitaandika amechelewa, kwa tarehe ya kweli, na nitakwenda mwenyewe kwa dokta kupigania apewe kopo la miezi mingi kabla ya kwenda kambini, asihitaji la mtu mwingine. Dokta ameshasema tulete majina. Na mto nitauvuka kila siku.

Lala salama, Mama yangu. Umekula? Mimi nimekula kidogo. Nimenunua lituma ya mtu mmoja.

Chini ya ile nyekundu kipo kisanduku: Je, muuguzi ana maoni mengine? Safari hii sina. Nakubaliana nayo.

Sasa nabonyeza. Nishike mkono. Naangalia ng'ambo.

Kavira